Fundi anataka kujua kitakachotokea

Bagamoyo mjini, kama ilivyo Bunju au Msata, kompyuta ikigoma kuwaka inapelekwa kwa fundi. Mara nyingi fundi mwenyewe yumo ndani ya steshenari, kwenye meza ya pembeni, kati ya mashine ya fotokopi na rundo la bahasha za kaki. Mteja anasema "nipigie Windows", anatajiwa bei, anaambiwa apitie jioni. Jioni anakuta mashine inawaka, Word ipo, VLC ipo, na picha za harusi zilizokuwa kwenye diski D zimesalimika. Hakuna aliyesoma maelekezo yoyote, si mteja wala fundi. Windows hiyo kwa kawaida haijalipiwa hata senti. Imefunguliwa kwa programu ya kuvunja ufunguo, na programu za namna hiyo mara nyingi huja na mdudu ndani yake. Miezi michache ikipita kompyuta inaanza kujikokota, matangazo yanachomoza yenyewe, na mteja anarudi kwenye meza ile ile. Ni mduara mbaya. Lakini una sifa moja ambayo Linux, pamoja na kuwa huru na ya bure, bado haijaifikia kwenye pwani hii: kila mtu anajua utaishaje.

Nasema hivi nikiwa upande wa Linux. Ninaitumia, naipenda, na naamini kompyuta nyingi zinazokula vumbi kwenye ofisi za walimu wakuu kutoka Kerege mpaka Saadani zingerudi kazini kama zingepewa mfumo endeshi mwepesi. Mtu aliyezoea Windows 7 ukimkalisha mbele ya Linux Mint, haimchukui muda kujua menyu iko wapi na faili lake kalihifadhi wapi. Matumizi ya kila siku si tatizo tena. Tatizo limebaki kwenye saa moja, saa ya kuiweka kwenye mashine. Na wanaojitahidi kuirahisisha saa hiyo wametumia nguvu nyingi kuipamba: rangi tulivu, picha za kupitisha muda, vitufe vikubwa. Fundi wetu hajawahi kulalamikia vitufe. Anachotaka ni kujua, kabla hajabonyeza, nini kitatokea kwenye mali ya mtu.

Jambo hili limekuwa la haraka tangu 14 Oktoba 2025, Microsoft iliposimamisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa kuanzia kizazi cha 8. Sasa tazama laptopu za mtumba zinazonunuliwa Kariakoo na kupakatwa kwenye Coaster za Makumbusho kuja Bagamoyo: HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470, Lenovo ThinkPad T460. Zote tatu ni za kizazi cha 6. Ni mashine imara, zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi, na ukiziongezea RAM na SSD bado zina miaka ya kazi mbele yake. Kwa mujibu wa masharti ya Microsoft, zimestaafu. Fundi anazijua njia za kuzunguka masharti hayo na atazitumia, kwa sababu ndizo ambazo mwisho wake anaujua. Kama kuna wakati Linux ilistahili kuingia steshenari kwa mlango wa mbele, ni huu.

Haitakuwa mara ya kwanza kubisha hodi. Linus Torvalds alitangaza kazi yake mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na kwa miaka zaidi ya kumi kuiweka Linux kwenye kompyuta kulibaki kuwa shughuli ya watu wa vyuo vikuu na wenye muda wa kuchezea. Mwaka 2004 mambo mawili yalitokea kwa kufuatana. Oktoba, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kampuni yake ya Canonical walitoa Ubuntu ya kwanza, na yeyote aliyeiomba akatumiwa CD kwa posta bila malipo. Desemba, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux uliofanywa kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Watu walikaa chini wakaamua neno moja moja mtumiaji aone nini kwenye kitufe. Kazi ile inastahili heshima kuliko inayopewa. Hata hivyo, katika steshenari nilizopita kuchapa na kuchapisha kwenye ukanda huu, sijaikuta kwenye mashine hata moja. Lugha ilikuwepo, programu ilikuwepo, lakini hapakuwa na njia ya kuaminika ya kuitoa mlimani Ubungo na kuifikisha kwenye meza ya fundi.

Zile CD za Ubuntu zilikuwa njia ya namna hiyo, angalau kwa muda. Kuanzia toleo la 6.06 la mwaka 2006, CD moja ya MB zisizozidi 700 iliweza kukuonyesha Ubuntu ikiwa hai bila kugusa diski yako, na ukiridhika uisakinishe kutoka hapo hapo. Aliyepewa CD na rafiki yake alipata kitu kile kile alichopata rafiki yake. Canonical iliacha kuzituma mwaka 2011, kwa kuwa intaneti ilikuwa imeenea. Imeenea kweli, lakini mafaili nayo yamenenepa: Ubuntu 24.04 inakaribia GB 6, Linux Mint 22 inakaribia GB 3. Kwa anayenunua bando la siku, GB 6 ni uamuzi wa kifedha. Upakuaji ukikatika njiani, faili linaweza kubaki na kasoro isiyoonekana kwa macho. Kasoro itajitokeza katikati ya kusakinisha, kwa ujumbe wa Kiingereza usioeleza chochote. Ipo njia ya kulikagua faili kabla ya kulitumia, na kila mradi mkubwa huchapisha namba za ukaguzi. Lakini anayeanza haambiwi afanye hivyo, au anaambiwa kwenye ukurasa ambao hatausoma.

Tuifuate saa yenyewe. Fundi ana flashi ya GB 16 na laptopu ya mwalimu, ambaye anataka Linux lakini Windows yake ibaki. Kwanza faili liandikwe kwenye flashi. Programu ya Rufus inamuuliza: GPT au MBR? Kisha: ISO au DD? Linux bado haijaonekana hata kivuli, na tayari kaulizwa mambo mawili ambayo jibu lake linategemea mashine asiyoijua. Akikosea, flashi inaweza kuwaka kwenye kompyuta moja na kukataa kwenye nyingine. Kisha kuiwasha: HP nyingi zinataka Esc au F9, Dell F12, Acer nayo F12 lakini mara nyingi mpaka uiruhusu kwanza ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Huko ndani kuna Secure Boot, ambayo baadhi ya matoleo ya Linux huishi nayo vizuri na mengine hayaelewani nayo kabisa.

Akivuka hapo, kwenye baadhi ya laptopu anakutana na ukuta uitwao Intel RST, mpangilio unaoificha diski isionekane na Linux. Kisakinishi cha Ubuntu kinasimama na kumwambia azime RST ndipo aendelee. Anarudi BIOS, anazima. Linux sasa inaiona diski. Ila Windows, isipoandaliwa kabla ya mabadiliko hayo, haiwaki tena. Inatoa skrini ya bluu. Fundi kafuata maelekezo neno kwa neno, Linux haijaingia, na Windows ya mteja imelala. Bagamoyo ni mji mdogo. Habari ya fundi aliyeua kompyuta ya mwalimu inatoka Dunda na kufika Nianjema kabla ya swala ya alasiri. Usitegemee atajaribu tena kwa mteja wa pili.

Tuseme vikwazo hivyo vimepita. Sasa linakuja swali ambalo kwangu ndilo kiini cha yote: Linux ikae wapi kwenye diski? Kwa miaka mingi kisakinishi cha Ubuntu kilitoa njia tatu: kuiweka pembeni ya Windows, kufuta diski yote, au "kitu kingine". Anayeingia kwenye hicho kitu kingine anapokewa na sda1, nvme0n1p3, ext4, swap na EFI. Hakuna mtu anayeijua diski yake kwa jina la nvme0n1. Anaijua kwamba ni ile yenye Windows, yenye mitihani ya kidato cha pili na picha za mtoto. Na kompyuta nayo inayajua hayo: inaijua chapa ya diski na ukubwa wake, inajua kama kuna Windows ndani na nafasi iliyokwishajaa. Kumficha mtu habari hizo na kumwonyesha namba za kiwandani ni uamuzi uliofanywa na mtu fulani aliyekaa mezani, na unaweza kubadilishwa na mtu aliyekaa mezani.

Debian, toleo jingine la Linux, ina ustaarabu mmoja wa kuigwa. Kabla ya kuandika chochote inaorodhesha mabadiliko yote na kuuliza kama iyaandike, na jibu lililotangulizwa ni hapana. Uzuri wake unaharibiwa na orodha yenyewe, ambayo imeandikwa kwa lugha ya wale wale wanaojua tayari. Mimi ningependa skrini hiyo isomeke hivi: "Hii ni diski ya Samsung ya GB 256. Ina Windows, na GB 84 za mafaili. Nitaipunguzia Windows nafasi ibaki na GB 150, mafaili hayatafutwa. Kazi itachukua kama dakika 40. Umeme ukikatika wakati wa kupunguza nafasi, mafaili yanaweza kupotea. Betri ya kompyuta hii inadumu dakika 6. Niendelee?"

Hakuna uchawi kwenye sentensi hizo. Kila kilichotajwa humo Linux inaweza kukisoma au kukikadiria sasa hivi. Hiyo ya betri naisisitiza kwa sababu ndiyo inayoonyesha tofauti kati ya kisakinishi kilichofikiriwa kwa ajili ya Helsinki na kinachofaa Bagamoyo. Laptopu ya mtumba kwa kawaida huja na betri iliyochoka. Ukichomoa waya inazima papo hapo. Ubuntu kwa muda ilikuwa na ukurasa uliokagua kama kompyuta imechomekwa kwenye umeme, ikaweka alama ya tiki na kuendelea. Kuchomekwa kwenye soketi ya TANESCO si sawa na kuwa na umeme kwa dakika 40 zijazo, na mkazi yeyote wa Mkoa wa Pwani anaijua tofauti hiyo. Linux inasoma uwezo wa betri ulivyokuwa kiwandani na ulivyobaki leo. Isome, iseme, na kama betri imekufa imshauri mtu apunguze nafasi ya Windows akiwa ndani ya Windows yenyewe, au ahamishe mafaili kwanza, au asubiri jenereta ya jirani iwake.

Na skrini hiyo ya kuomba ruhusa ndiyo ningetaka itafsiriwe kwa Kiswahili kabla ya nyingine zote. Tumetafsiri menyu nyingi. LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice, ina Kiswahili cha Tanzania mpaka leo. Lakini mtu anaweza kuchapa barua kwa menyu za Kiingereza akizikariri kwa mahali zilipo. Kuruhusu diski iandikwe upya kwa Kiingereza usichokielewa ni jambo jingine, linakaribia kutia sahihi mkataba ambao hujausoma.

Wi-Fi ilikuwa na kisa chake. Laptopu kadhaa za Dell na HP zilikuja na kadi za Broadcom, na draiva zake hazikuwemo kwenye flashi, zilipaswa kupakuliwa kutoka kwenye intaneti, ambayo huipati bila hizo draiva. Debian kwa miaka mingi ilikataa kwa sababu za msimamo kuweka programu zisizo huria kwenye faili lake rasmi, hata zile ndogo zinazoiamsha kadi ya Wi-Fi. Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura kuubadili msimamo huo, na Debian 12 ya Juni 2023 ikatoka ikiwa nazo ndani. Nawapongeza. Walitambua kwamba msimamo unaomwacha mgeni nje ya mlango haumtetei mgeni huyo. Kwa kadi ambazo bado zinasumbua, dawa iko mfukoni mwa kila fundi: unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, na Linux inaipokea bila draiva ya ziada. Kisakinishi kikikosa mtandao kingeweza kusema hivyo kwa mstari mmoja.

Kuna mambo madogo ambayo peke yake hayaui, yakikusanyika yanamkatisha mtu tamaa. Kibodi za mtumba zinatoka Marekani, Uingereza, hata Ujerumani, ambako Z na Y zimebadilishana nafasi. Mteja anaweka nywila yenye @ akiwa kwenye mpangilio wa Kimarekani, mashine baadaye inaamka kwenye mpangilio wa Kiingereza cha Uingereza, ambako @ imebadilishana nafasi na alama ya nukuu, na nywila inakataliwa ingawa haikukosewa. Saa nayo: Windows huweka saa ya ndani ya mashine kwa majira ya hapa, Linux huipenda kwa majira ya dunia, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Mifumo miwili isipopatanishwa, mwalimu anatoka Linux saa nne asubuhi, anafungua Windows, anaambiwa ni saa moja. Atasema kompyuta ina virusi, na kwa alivyoizoea ana haki ya kusema hivyo.

Halafu kuna yale yasiyo na kosa la mtu aliyepo. Agosti 2024 sasisho la Windows lilifika kwenye kompyuta zenye mifumo miwili na kuzuia baadhi ya Linux zisiwake, kwa ujumbe wa kutisha kwamba kuna kitu kimekwenda kombo vibaya. Waliokuwa wamesakinisha kwa ufasaha kabisa walikumbwa sawa na waliobahatisha. Ndiyo maana mteja akiuliza ushauri wangu kuhusu kuweka mifumo miwili, humwambia achague mmoja, au anunue SSD ya pili na kuutenga kila mfumo kwenye diski yake. Kuiweka yote miwili kwenye diski moja ni raha ya mwezi wa kwanza.

Mpaka hapa nimekuwa nikimtaja fundi kila mara, na nimekusudia. Visakinishi vya Linux vimejengwa juu ya picha ya mtu mmoja aliyeko nyumbani kwake, mwenye kompyuta yake, mwenye intaneti ya waya, anayejisakinishia. Kwetu anayeanza hajisakinishii. Yupo mtu wa tatu katikati, na mtu huyo anafanya kazi kwenye mali isiyo yake. Ukimrahisishia mteja ukamsahau fundi, hujarahisisha kitu.

Kinachochekesha ni kwamba chombo cha fundi kipo tayari. Linux Mint, kwenye menyu ya kwanza kabisa flashi inapowaka, ina chaguo la OEM, lililokusudiwa watengenezaji wa kompyuta. Fundi anasakinisha, anaweka draiva, anaweka LibreOffice kwa Kiswahili, anahakikisha printa inachapa. Akimaliza anaifunga mashine kama mpya. Mwenye mali akiiwasha nyumbani, anaulizwa yeye lugha, jina na nywila. Fundi haijui nywila ya mteja, jambo ambalo leo ni kinyume kabisa. Nusu ya laptopu za mji zinafunguka kwa nywila aliyoitunga fundi. Chaguo hilo lina jina baya na limejificha, na sijasikia likifundishwa. Lingepewa maelezo ya kawaida, "Ninamwandalia mtu mwingine", lingebadili mambo kuliko skrini kumi za kupendeza.

Kwa shule yenye kompyuta 20 zinazofanana kuna zaidi ya hapo. Red Hat ina Kickstart, Debian ina preseed, Ubuntu ina autoinstall: karatasi ya majibu iliyoandikwa mapema, kisakinishi kinaisoma na hakiulizi tena. Au mashine moja iandaliwe vizuri, nyingine 19 zinakiliwe kwa Clonezilla. Kinachowezesha hayo ni vifaa vinavyofanana. Karatu, shirika la Powering Potential limeweka kwenye shule kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua. Kila moja inaanza kutoka kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu iliyoandaliwa kabla, na kadi ikiharibika unaandika nyingine iliyo sawa sawa nayo. Na kaskazini zaidi kwenye pwani hii, mkoani Tanga, shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa karibu watoto 3,000 katika vijiji takriban 170 tableti za kujifunzia kusoma kwa Kiswahili, na washindi wakatangazwa Mei 2019. Tableti zile zilikuwa za Android, na chini ya Android ni Linux. Watoto ambao wengi wao hawakuwahi kukalia dawati la shule waliitumia Linux, na hakuna aliyewauliza kuhusu diski.

Najua pingamizi la wakongwe: ugumu unafundisha, na kumwondolea mtu maswali ni kumnyima uhuru wa kuchagua. Nusu ya kwanza ni kweli kwa wachache wanaotaka kuwa mafundi wa mifumo, nao hawatakosa pa kujitesea. Nusu ya pili siikubali. Uhuru wa Linux unaanza ukiwa ndani, unapobadili unachotaka na kuondoa usichotaka. Anayeulizwa achague kati ya ext4 na btrfs akiwa hajui hata moja anabahatisha tu, na kubahatisha kwenye diski ya mtu hakumpi fundi uhuru wowote.

Pingamizi gumu zaidi ni la fundi mwenyewe, na halisemwi hadharani. Kompyuta yenye Linux iliyotulia hairudi kila baada ya miezi mitatu. Kipato chake kinategemea marejeo. Huwezi kumwomba akate tawi alilokalia kwa sababu ya falsafa ya programu huria. Anachoweza kuuza ni kingine: mashine iliyoandaliwa kwa OEM na kukaguliwa, yenye dhamana ya maneno yake mwenyewe, "hii haitaingia virusi vya flashi za wanafunzi". Mwenye steshenari anayepokea flashi za kila mtu mjini kutwa nzima anajua thamani ya ahadi hiyo. Lakini fundi hawezi kuitoa ahadi mpaka naye ameahidiwa na kisakinishi.

Bagamoyo ina watu wa kuianza kazi hii. Kuna Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka, SLADS, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Maktaba nyingi duniani, zikiwemo za vyuo kadhaa nchini, zinatumia Koha kuendesha katalogi na uazimaji wa vitabu, na Koha makazi yake ni Linux, hasa Debian. Mkutubi akipangiwa maktaba ya namna hiyo katika wilaya isiyo na mtaalamu wa TEHAMA, saa niliyoieleza hapo juu inakuwa sehemu ya ajira yake, apende asipende. Kuna TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, ambako wanafunzi wa muziki na filamu wanahitaji Audacity na Kdenlive kuliko wanavyohitaji programu ghali zilizovunjwa ufunguo. Wachache wao wakikaa na mafundi wawili watatu wa mjini, wakachukua aina kumi za laptopu zinazoonekana zaidi hapa, wakazisakinisha moja moja na kuandika walichokiona, tutakuwa na kitu ambacho hakuna mtengenezaji wa Linux aliye nacho: karatasi ya A4 ya kubandikwa ukutani, inayomwambia fundi wa Bagamoyo kitakachotokea.

Mstari wa kwanza wanaweza kuuchukua kwangu. HP EliteBook 840 G3: washa ukibonyeza Esc, kisha F9, chagua flashi. Kadi ya Wi-Fi ikiwa ni ile ya Intel inayokuja nazo nyingi, itafanya kazi bila kuongezwa kitu. Ingia BIOS kwa F10 ukague kama RST imewashwa kabla hujagusa chochote kingine, na kama imewashwa na mteja anataka Windows ibaki, iandae Windows kwanza au mrudishie mashine yake. Betri ipime kwa kuchomoa waya mbele ya mteja.